Magitaa Mawili ya Kiongozi

Tulimwita Kiongozi, na tuliendelea kumwita hivyo hata alipokuwa hana mtu wa kumwongoza. Bendi ilikuwa ya shamba la mkonge, nje kidogo ya Kilosa, na mimi nilikuwa mmoja wa waimbaji wawili wa kike. Shamba lilipofungwa, miaka ile mashirika mengi yalipokuwa yanafungwa au kutafutiwa wenyewe wapya, vyombo vya umeme vilifungiwa ghalani. Siku moja lori lilikuja likavichukua na hatukuambiwa vinakwenda wapi. Mpiga ngoma akarudi kulima. Mpiga besi akaenda Dar es Salaam kuuza mitumba. Kiongozi akabaki na jina lake na gitaa kavu moja la mbao, lisilohitaji umeme, kwa sababu lile halikuwa mali ya shamba. Lilikuwa lake mwenyewe.

Watu wa Mikumi, ukiwauliza, watakwambia habari za gitaa jeusi. Watu wa Kilosa hawalijui hilo jeusi. Wao wanalikumbuka la mbao. Mimi nilikaa naye kote kuwili, kwanza kama mwimbaji wake, halafu kama mpishi wa hoteli ya barabarani, Mikumi, alikokuwa akipiga jioni, na mara nyingi nimejikuta nikisuluhisha ubishi wa watu ambao kila mmoja anamjua mzee wake.

Hakuwa mtu mwepesi. Alifunga vifungo vya shati mpaka shingoni hata Mikumi, hata mchana, hata mwezi ule ambao kuku wanalala chini ya magari. Ukimsalimia shikamoo hakujibu hapo hapo. Alikuangalia kwanza, kama anayehakikisha kuwa umekusudia, ndipo akasema marahaba, taratibu. Madereva wa malori waliokuwa na haraka walimwona ana maringo. Hawakukosea sana. Aliwahi kusimamisha wimbo katikati, harusini, kwa sababu mjomba wa bwana harusi alikuwa anapiga makofi nje ya mdundo, akangoja mpaka mzee wa watu aliposhusha mikono. Na bado yeye mwenyewe hakujua kucheza. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona akitikisa hata bega.

Alilaani redio kaseta kwa sababu ziliua madansi. Kwa nini mwenye baa alishe watu sita na vyombo vyao wakati kaseta moja haili? Aliuliza hivyo kila wiki. Lakini chumbani kwake alikuwa na redio kaseta yake, ameifunika kitambaa cha meza, na siku nilipoikuta hakuona haya. Aliniambia kwamba adui ni lazima umsikilize.

Mke wake alikuwa anaishi Ruhembe, kwenye shamba dogo la miwa la kwao. Hawakuwa wameachana. Alikuwa akieleza mwenyewe, akicheka, kwamba alichoka kulala ukutani ili gitaa lilale upande usio na joto. Kila sikukuu Kiongozi alimfuata huko na kukaa siku kadhaa, kisha akarudi. Wakiwa pamoja waliongea sana, kuliko watu wengi ninaowajua wanaoamka nyumba moja.

Na kweli gitaa lile lilitunzwa kama mtoto mgonjwa. Lilitengenezwa na rafiki yake, seremala tuliyemwita Fundi, mtu mfupi mwenye masikio makubwa, ambaye zamani alifanya kazi karakana ya reli na baada ya kupunguzwa kazini alifungua banda lake karibu na soko la Kilosa. Alitengeneza vitanda, milango na majeneza. Gitaa alitengeneza moja tu maishani. Kifua chake kilikuwa cha mkangazi, ubao alioulaza darini miaka mingi ukauke, na pale vidole vinapokanyaga kwenye shingo aliweka mpingo. Wakati wa bendi, nyuzi zilipokuwa hazipatikani, walitumia waya wa breki za baiskeli. Baadaye maduka ya Morogoro yalipojaa kila kitu, nyuzi za kweli zikaja, na Kiongozi akakiri kwamba soko huria lilikuwa limemletea kitu kimoja kizuri.

Lakini mbao ina tabia zake. Masika yakiingia, bonde lote la Kilosa likilowa, kifua cha gitaa kilivimba, nyuzi zikapanda juu, na vidole vyake vikauma. Kiangazi mbao ilisinyaa na uzi wa nne ukaanza kuvuma kama nyuki ndani ya kopo. Akilipeleka Mikumi kwenye joto kavu, lilinuna. Akilirudisha Kilosa, lilinuna tena. Wakati wa ukame aliweka bakuli la maji chini ya kitanda ili hewa ipate unyevu. Wakati wa mvua alilitundika jikoni kwangu, si karibu sana na moto, na likaishia kunuka moshi na samaki. Gundi ikiachia mahali, au shingo ikipinda kidogo, alilifunga kwenye khanga, akapanda basi mpaka kwa Fundi.

Nikiwaeleza vijana waliolikosa, huwa nasema hivi: ukigusa uzi mmoja, sauti haikutoka mara moja. Ilikuja kama mtu anayeitikia hodi akiwa chumba cha ndani, halafu ikakaa na wewe.

Lile jeusi lilikuja na mhandisi mgeni wa kampuni iliyokuwa inatengeneza barabara kuu. Alipanga hotelini kwetu, akaongea Kiswahili cha vibarua, na alikuwa na gitaa lisiloonekana kiungo popote, jeusi tii, linang'aa kama sufuria mpya. Siku moja alilisahau nyuma ya pikapu, juani, tangu asubuhi mpaka alasiri. Kiongozi alipoliona alipandwa na hasira kana kwamba ameona mtoto amefungiwa ndani ya gari. Alimfuata mhandisi mezani, akamgombeza mbele ya watu, mtu mzima mwenzake. Mhandisi hakukasirika. Alikwenda akalitoa, likiwa na joto la kuunguza, akampa alijaribu.

Kiongozi akapiga nyuzi zote kwa pamoja. Zilikuwa zimelingana, hakuna hata moja iliyolegea. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani mkononi, na niliona uso wake. Hakufurahi. Alikuwa kama mtu aliyetukanwa.

Mhandisi alimweleza kwamba si mbao wala si plastiki, ni nyuzi za kaboni, nyembamba kuliko unywele, zinazosukwa kama kitambaa na kugandishwa kwa gundi ngumu. Halinywi maji, halivimbi, halisinyai, mchwa hawaligusi. Yeye alilinunua kwa sababu ya kuishi kwenye makambi ya kazi, leo mvua, kesho vumbi. Kiongozi alimjibu kwamba linapiga kelele lakini haliimbi. Mhandisi akasema huenda ni kweli, na kwamba hata kwao kuna watu wengi wanaosema hivyo hivyo. Tangu siku hiyo wakawa marafiki. Jioni walikaa ukumbini wakibadilishana magitaa, kila mmoja akimsifia mwenzake la kwake, mpaka kipande kile cha barabara kikaisha. Mhandisi alipoondoka aliliacha jeusi. Kiongozi alisema anamtunzia tu mpaka arudi. Hakurudi.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na aliyekuwa akibishana zaidi ni Kiongozi na nafsi yake. Jikoni kwangu, akimenya ndizi kwa sababu hakupenda kukaa bure, alilishtaki gitaa lile na kulitetea kwa pumzi moja. Lilikuwa na baridi tumboni asubuhi. Liliteleza pajani. Sauti yake ilikuwa kali, ya wazi mno, haifichi kosa hata dogo. Tena lilikuwa halijifunzi. La mbao, alisema, limenizoea, kila mwaka linazidi kunielewa, lakini hili kila siku linanisalimia kama tumekutana leo. Na likipasuka, hakuna mtu kuanzia hapa mpaka Dodoma atakayejua pa kuanzia.

Halafu dereva mmoja angeliita gitaa la plastiki, na Kiongozi angegeuka. Angeeleza habari za kaboni kana kwamba yeye ndiye aliyezisuka. Mara moja alilitoa nje kwenye mvua, akalisimamisha katikati ya uwanja wa kuegeshea malori, likanyeshewa mbele ya wote, akalifuta kwa taulo na kuanza kupiga bila kukaza uzi hata mmoja. Watu walishangilia. Yeye alipiga wimbo mmoja tu, akaenda kulala na njaa.

Ukweli ni kwamba kazi ilikuwa imebadilika. Barabara mpya ilileta malori zaidi, na kila lililoshuka mteremko lilinguruma mpaka glasi zikatetemeka. La mbao halikusikika hata meza ya tatu. Jeusi lilisikika mpaka getini. Watalii waliotoka mbugani walitaka nyimbo za kukaribisha wageni, zile zile kila siku, na alisema hizo zinalitosha jeusi. La mbao likabaki chumbani, likawa la asubuhi, la kupiga akiwa peke yake.

Habari zikafika Kilosa. Fundi alikuja Mikumi kuleta fremu za milango ya hoteli, na jioni akakaa kwenye kiti cha pembeni, akasikiliza bila kunywa kitu. Kiongozi alipomaliza alimfuata, akamwekea jeusi mapajani. Fundi akaligeuza. Akaligonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akapitisha dole gumba pote akitafuta kiungo. Hakukipata.

"Limetengenezwa na nani?" akauliza.

"Kiwanda."

"Likiharibika utampelekea nani?"

"Haliharibiki, Fundi. Ndiyo sifa yake."

Fundi akalirudisha kwa mikono miwili, kwa heshima, kama unavyorudisha mtoto wa watu. "Basi mimi na wewe hatutaonana tena," akasema.

Alisema bila ukali. Tulicheka, mimi na Kiongozi, tukidhani ni utani. Kesho yake alfajiri akapanda gari la mzigo na kuondoka, na miezi ikapita. Hapo nikaelewa alichokuwa amekihesabu kichwani. Watu wale wawili walikuwa hawatembeleani kwa kutembeleana. Wanaume wa rika lao, wenye kazi zao, hawakupanda basi kwenda kumwambia mwenzao nimekukumbuka. Miaka yote ile ni gundi iliyoachia na shingo iliyopinda ndizo zilizowakutanisha, na kila safari Kiongozi alilala huko siku mbili tatu, gundi ikikauka, wakizungumza.

Sikumwambia Kiongozi niliyoyawaza. Sidhani kama ilikuwa lazima. Siku moja nikamwona amelifunga la mbao kwenye khanga yake, yuko kituoni. Nikamuuliza lina nini. Akasema uzi wa nne unavuma. Nilikuwa nimelisikia asubuhi ile ile, na uzi wa nne ulikuwa mzima kabisa.

Mke wa Fundi, ambaye nilimfahamu tangu enzi za bendi, alinisimulia yaliyofuata. Mumewe alilichukua gitaa, akaligonga, akalisikiliza, akalimulika ndani kwa tochi. Alijua halina kitu. Akasema ni kazi kubwa, litabidi lilale. Akalegeza nyuzi zote, akalilaza juu ya meza ya kazi, akalifunika, na wale wawili wakakaa nje ya banda mpaka jua likazama. Baada ya hapo gitaa lile likawa linaugua mara kwa mara kuliko wakati wowote wa uhai wake, na kila safari Fundi alilikuta na ugonjwa.

Kisha akaugua Fundi mwenyewe, kifua, na hakukaa sana. Kwao kwa asili kulikuwa Mamboya, na huko ndiko alikotaka kuzikwa, karibu na kanisa la zamani la misheni. Tulipanda kwenye lori kutoka Kilosa, mwili na waombolezaji pamoja, katikati ya masika, na Dumila tukasimama kununua maji na mishumaa. Kiongozi alikuwa amepakata magitaa yote mawili. Alisema hajui familia itataka lipi. Mimi nilijua, na yeye pia alijua, kwamba kwa hali ile ya hewa lilikuwepo moja tu la kupigwa.

Milima ilikuwa imefunikwa. Mchungaji aliharakisha sala kanisani akitumaini mvua itatulia, haikutulia, na tukatoka hivyo hivyo. Kaburini kwaya iliimba, halafu ikafika zamu ya Kiongozi. Akaanza kulifungua jeusi. Mjane akamwinukia pale alipoketi, nguo zimemganda mwilini.

"Shemeji," akasema, "piga la mwenyewe."

Nilikuwa karibu na Kiongozi. Nikamnong'oneza kwamba litakufa, kwamba mama huyu ana uchungu na hajui anachoomba, kwamba Fundi asingekubali kamwe.

"Fundi hayupo kukataa," akanijibu, na akafungua khanga.

Wajukuu wawili walinyoosha karatasi ya nailoni juu yake, lakini upepo uliipeleka huku na huku. Alipiga wimbo wa bendi, wa zamani, usio na maneno, ambao Fundi alikuwa anaupenda. Mwanzo sauti ilikuwa ile ninayoijua. Kisha maji yakaanza kuingia, na ikazidi kuwa nene, chini, mbali. Niliona mkangazi ukibadilika rangi ukawa mweusi kuanzia pembeni kwenda katikati. Hakuharakisha. Alirudia sehemu zote za kurudiwa. Alipofika mwisho, kile kipande kinachoshikilia nyuzi kifuani kilikuwa kimeinuka upande mmoja, na nyuzi mbili hazikutoa kitu isipokuwa mguso wa kidole. Wanaume wakaanza kufukia.

Wapo waliomlaumu. Mpiga besi wetu, aliyetoka Dar es Salaam kwa ajili ya msiba, alisema kuna mapenzi na kuna uharibifu, na kwamba lile lilikuwa gitaa la mwisho la bendi, lilikuwa letu sote. Mimi mwenyewe nilikasirika njia nzima ya kurudi. Na kilichotuudhi zaidi ni kwamba hakulitengeneza. Mtu aliyetuhubiria miaka mingi kuwa uzuri wa mbao ni kwamba inaungika, akiwa na maseremala wawili Kilosa waliokuwa tayari kulishughulikia bure, aliliweka juu ya kabati na kuliacha. Nilipombana alisema kila gundi ina mtu wake. Nilimwambia hayo si majibu. Akasema anajua.

Akaendelea na jeusi. Alilipiga pale hotelini mpaka hoteli ilipouzwa na mwenye mpya akaweka spika. Sikumsikia tena akilishtaki, wala akilitetea. Nilirudi Kilosa kulea wajukuu, yeye akahamia Ruhembe kwa mkewe, na salamu zetu zikawa za kutumiana kwa watu.

Mara ya mwisho kumwona nilikuwa nimekwenda Mikumi kwa shughuli ya ubatizo, na kesho yake nikapata pikipiki ya kunipeleka Ruhembe. Miwa ilikuwa imekatwa, njia imejaa majivu. Nilimkuta uani, kwenye kiti, jeusi mapajani. Nikamwamkia kwa mbali. Hakujibu. Nikasogea, nikarudia, akaendelea kutazama mbele, na kwa muda mfupi niliumia, nikidhani bado ananuna kwa yale ya Mamboya.

Mkewe alitoka jikoni akanishika bega. Aliniambia masikio yalianza kwenda taratibu, sasa yamekwisha kabisa, hata radi haisikii. Akamgusa goti, naye akageuka. Aliponiona aliinuka wima, akanishika mikono yote miwili, akaniambia marahaba kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, ingawa hapo sikuwa nimemwamkia.

Tulikunywa chai. Aliongea yeye, sisi tukaitikia kwa kichwa. Kisha akalichukua gitaa, na nikaona jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Aliinama, akaegemeza mfupa wa taya kwenye ukingo wa lile gitaa, akaubana kabisa, na kuanza kupiga. Vidole vilikuwa vizito lakini havikukosea. Alipomaliza aligonga taya yake kwa kidole.

"Linanifikia hapa," akasema. "Mbao sijui kama ingeweza. Sina ya kujaribia." "Muziki ninao. Watu ndio sinao. Mama huyu anaongea siku nzima, naona midomo tu."

Sijui nilichokuwa nafikiri. Nilivuta kigoda changu mpaka miguuni pake na kumwonyesha kwa ishara aweke taya pale pale. Akaweka. Nikainama, nikausogeza mdomo mpaka kwenye tundu la gitaa, na nikaimba ndani yake, wimbo niliokuwa nikiuongoza mimi enzi za shamba, ubeti wa kwanza, kwa sauti yote niliyobakiwa nayo. Nilihisi lile gitaa likitetemeka dhidi ya shavu langu, nyuzi zikiitikia bila kuguswa. Mkewe alisimama na birika mkononi.

Nilipoinua uso alikuwa amefumba macho.

"Umeanzia chini," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa. Siku hizi siwezi kupanda mpaka sauti ile ya zamani.

Akashusha vidole kwenye shingo ya gitaa, akatafuta, akapata sauti niliyoanzia. Akarudisha taya mahali pake na kunisubiri niingie.